Kumwachisha Mbwa Kijana Tabia ya Kurukia Watu na Kuuma Mikono

Ijumaa moja mchana jirani yetu, mzee aliyevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, alisimama getini kunikabidhi ufunguo wa nyumba yake kabla ya kwenda msikitini. Bosi, mbwa wetu, wakati huo alikuwa na umri wa miezi minane na uzito wa kilo 27. Alinipita ubavuni, akasimama kwa miguu ya nyuma, akamwekea mzee miguu ya mbele kifuani na kuukamata mkono wake kwa meno. Hakumjeruhi. Hata hivyo kanzu ilijaa udongo na mkono ukalowa mate, na kwa kuwa madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani huyafuata, hutaka mahali palipoguswa na mate ya mbwa paoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, ilimbidi mzee arudi nyumbani na kuikosa hotuba. Aliniambia, "Ni mnyama, mwanangu," akaondoka. Mimi nilijua kwamba kosa halikuwa la mnyama. Tangu Bosi akiwa na kilo nne nilikuwa nikimnyanyua na kumbembeleza kila aliponirukia, na nikimwachia vidole vyangu avitafune kwa sababu meno yake hayakuwa yakiumiza.

Maelezo yafuatayo yametokana na miezi niliyotumia kuyafuta mafunzo hayo mabaya. Yanamhusu mbwa wa kati ya miezi sita na miaka miwili ambaye ni mchangamfu, anayewapenda watu, na anayewarukia na kuwashika kwa meno kwa sababu hajui njia nyingine ya kuwasalimu au kuwaita wacheze naye.

Umri huu una mambo yake. Mtoto wa mbwa huota meno 28 ya utotoni, ambayo huanza kung'oka anapokaribia miezi minne, na nafasi yake huchukuliwa na meno 42 ya ukubwani, kazi ambayo kwa kawaida humalizika kufikia mwezi wa saba. Kwa hiyo mbwa wa miezi minane ana mdomo wa mbwa mzima, taya zenye nguvu na mwili mzito, lakini uwezo wake wa kujizuia bado haujakomaa. Mwaka 2020 watafiti walioongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ambao walifuatilia mbwa waliokuwa wakiandaliwa kuwaongoza wasioona, walionyesha kwamba wakiwa na miezi minane mbwa hao waliitii amri ya kukaa kwa shida zaidi kuliko walipokuwa na miezi mitano, na kwamba ukaidi huo ulijitokeza mbele ya mlezi wao, si mbele ya mtu mgeni. Ukiona mbwa wako amekuwa kana kwamba hajawahi kufundishwa lolote, usidhani ameharibika. Yuko katikati ya balehe, na kipindi hicho hupita, ingawa tabia anazozizoea ndani yake zinaweza kudumu maisha yake yote.

Kabla ya zoezi lolote, hakikisha amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa kwa kawaida anapofikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Karibu maambukizi yote ya ugonjwa huu kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Kwa sababu hiyo, jino likitoboa ngozi, hata kama ni mchezo na hata kama mbwa ni wa nyumbani, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Pilipili, mafuta ya taa na majani ya kusaga visiwekwe kwenye kidonda.

Jifunze pia kumsoma mbwa wako. Anayecheza huwa na mwili uliolegea, mkia unaochezacheza pamoja na kiuno, na mara nyingi huinamisha kifua huku akiinua makalio kabla ya kuruka. Anayetishia huwa mkavu: mwili hukakamaa, mdomo hufungwa, macho hukodolewa mahali pamoja, na huenda akanguruma. Mbwa anayenguruma unapokaribia chakula chake, anayetoboa ngozi kwa kusudi, au anayemlenga mtu mmoja tu wa nyumba, anahitaji daktari wa mifugo na mtu mwenye ujuzi wa kumfundisha ana kwa ana. Vivyo hivyo kwa mbwa mpole aliyebadilika ghafla, kwa maana huenda ana maumivu ya sikio, ya jino au ya kiungo ambayo hawezi kuyaeleza.

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo. Mbwa hurudia kile kinachomlipa, na malipo anayoyathamini zaidi kwa mtu ni kuangaliwa, kusemeshwa na kuguswa. Unapomsukuma kwa mikono miwili, umemgusa. Unapopiga kelele "toka, shuka, wewe mbwa," umemsemesha. Mtoto anapokimbia huku akipiga yowe, mchezo umenoga. Sisi huona tumekemea, yeye huona ameitikiwa. Ndiyo maana mbwa wengi wanaokemewa kila siku hurukia watu kila siku.

Dawa yake ni kuyaondoa malipo hayo kwenye kuruka na kuyahamishia kwenye kitendo kingine, ambacho kwa zoezi hili ni kuweka miguu yote minne chini, na baadaye kukaa. Hapa Tanzania tunao mfano wa karibu. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya anapofanya sawasawa husikia mlio mfupi wa kifaa, kisha hupewa chakula kama ndizi. Mlio huo humwambia ni kitendo kipi hasa kilichomletea chakula, jambo ambalo chakula peke yake, kwa kuchelewa kwake, hakiwezi kueleza. Magawa, panya aliyefundishwa kwa njia hiyo kisha akafanya kazi Kamboja, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Mbwa aliyeishi na watu kwa maelfu ya miaka hana sababu ya kuhitaji fimbo pale ambapo panya hakuihitaji.

Huna haja ya kununua kifaa chenye mlio. Piga kidoko kwa ulimi, kile cha kumhimiza punda, ilimradi kiwe cha namna moja siku zote. Kwa siku mbili za mwanzo, piga kidoko na mpe kitu kitamu papo hapo, mara 15 asubuhi na mara 15 jioni, bila kumtaka afanye lolote. Akianza kukugeukia kila asikiapo kidoko, ameelewa. Kwa zawadi, sijaona kinachowashinda dagaa wa ziwani waliokaushwa bila chumvi na kusafishwa mchanga, kwa kuwa ni rahisi, hawalowanishi mfuko na wana harufu ambayo mbwa haipuuzi. Maini ya kuku yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje ya mahindi yanafaa pia. Usitumie makombo ya mchuzi, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya mbwa hata kikiwa kimepikwa.

Utahitaji vilevile kamba imara ya mita mbili, ukosi unaomkaa vizuri shingoni, na mazungumzo na kila anayeishi ndani ya ua. Hili la mwisho ndilo watu huliruka, na ndilo linaloamua. Mlinzi, dada wa kazi, watoto na shangazi aliyekuja kusalimia kwa wiki mbili wote wafuate utaratibu mmoja na maneno mamoja. Kwetu tulikubaliana juu ya "Kaa", "Basi" na "Achia", tukayaandika kwenye karatasi na kuibandika jikoni. Kama mtu mmoja anamruhusu mbwa kumrukia anapokuwa amevaa nguo za kazi, mbwa hatajifunza tofauti ya nguo. Atajifunza kwamba kuruka hulipa mara moja moja, na malipo ya namna hiyo ndiyo magumu zaidi kuyasahau, kama mvuvi wa mshipi ambaye samaki mmoja wa jana humfanya atupe ndoano siku nzima ya leo.

Zoezi la kuruka huanza pasipo na mgeni. Funga kamba kwenye nguzo ya baraza au shina la mti, mbwa akiwa upande wa pili, nawe ukiwa hatua sita kutoka kwake. Mwendee polepole. Maadamu miguu yake minne iko chini, endelea kusogea. Mguu wa mbele ukiinuka tu, simama, geuza uso pembeni, rudi nyuma hatua mbili, na usiseme neno. Miguu ikitua, piga kidoko na uanze kusogea tena. Kwa namna hii kamba humzuia asikufikie, nawe huna haja ya kumsukuma. Yeye mwenyewe hugundua kwamba kuruka humfukuza mtu na kutulia humleta. Ukimfikia, mpe dagaa chini kabisa, katikati ya miguu yake ya mbele. Jambo hili linaonekana dogo, lakini nilipoteza wiki nzima kwa kutolijua, kwa sababu nilikuwa nikimpa dagaa usawa wa kiuno changu, na mkono uliokuja juu ulimwinua juu. Nilipoanza kuushusha mkono hadi udongoni, kichwa chake kikaanza kuelekea chini kila aliponiona nakuja.

Dakika tano zinatosha, mara tatu au nne kwa siku. Akishaweza kukupokea kwa miguu minne mara kumi mfululizo, ongeza "Kaa" kabla ya kumgusa, kisha mpapase kifuani au ubavuni, si kichwani. Baadaye badilisha mtu, badilisha mahali, na mwisho kabisa uhamie getini, ambako msisimko ni mkubwa kuliko kwingine kote. Kati ya siku ya tatu na ya sita mbwa wengi huongeza kuruka. Hubweka, hukwaruza, huruka juu kuliko awali, kwa sababu njia iliyokuwa ikimlipa imekoma naye anaijaribu kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kurudia kumsukuma, na hivyo kumfundisha kwamba akizidisha bidii atapata. Vumilia siku hizo.

Kwa wageni, ning'iniza kamba kwenye msumari pembeni ya geti ili mtu yeyote anayefungua aweze kumfunga mbwa kwanza. Kanyaga kamba ukimwachia urefu wa kutosha kusimama na kukaa lakini usiotosha kuruka, halafu mgeni asogee kwa utaratibu ule ule wa hatua. Mgeni wa zoezi awe ameombwa na amekubali. Mtu anayeogopa mbwa, mwenye mtoto mgongoni, au ambaye mate ya mbwa yatamtia usumbufu katika ibada yake, hana wajibu wa kuwa chombo cha mafunzo yetu. Kwa mtu kama huyo, mbwa aingizwe bandani kabla geti halijafunguliwa. Watoto wafundishwe kusimama kama mti: mikono ikunjwe kifuani, macho yatazame mbali, mdomo ufungwe, hadi mkubwa afike. Na hata baada ya mafanikio yote, mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa.

Kuuma kunahitaji uchunguzi zaidi, kwa sababu vyanzo vyake ni zaidi ya kimoja. Kwa Bosi niliandika saa za matukio kwa wiki moja, na karibu yote yaliangukia kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Watoto walikuwa wamerudi shule, joto lilikuwa limepungua, naye alikuwa amekimbia huku na huko bila kulala tangu mchana. Macho yalimtoka, masikio yakalala nyuma, akawa anazunguka ua kwa kasi huku mkia ukiwa chini, kisha akanasa pindo la kanga ya mama watoto na kulivuta. Nilidhani ana nguvu nyingi zinazohitaji kumalizwa, nikamkimbiza zaidi. Kumbe alikuwa amechoka, kama mtoto mchanga anayelia kwa usingizi huku akikataa kulala. Nilipoanza kumwingiza bandani saa kumi alasiri, penye kivuli na maji, na kumpa kitu cha kutafuna kwa saa moja, sehemu kubwa ya tatizo la jioni iliisha bila somo lolote. Banda lisitumiwe kama adhabu. Mpeleke kwa utulivu, kabla hajachachamaa.

Meno yanapogusa ngozi au nguo, mkono uulegeze na usiuvute, kwa kuwa kitu kinachokimbia hukimbizwa. Sema "Basi" mara moja kwa sauti ya kawaida, simama, ondoka, pita nyuma ya mlango au geti dogo, na ukae huko sekunde 20 hadi 30. Rudi bila hasira na umpe kitu anachoruhusiwa kutafuna. Akiuma tena, ondoka tena. Siku ya kwanza unaweza kuondoka mara kumi na tano, na hilo si dalili ya kushindwa. Anachojifunza ni kwamba meno humaliza mchezo na kumwacha peke yake. Kama huna pa kupitia, mfunge kwenye nguzo yake wakati wa mchezo, ili hatua mbili tu zikutoe alipo.

Lazima awe na kitu halali cha kuuma. Mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa, uliofungwa mafundo matatu, unatosha, vilevile mpira mkubwa usioweza kumezwa. Usimpe kiatu kikuukuu, kwa maana hana njia ya kujua kwamba kile kipya cha mwanao hakihusiki. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumboni. Chezeni kuvutana kwa ule mguu wa suruali, na katikati ya mchezo simamisha mkono, mwekee dagaa puani, sema "Achia", na anapoachia piga kidoko, mpe dagaa, kisha mrudishie kitambaa. Kurudishiwa ndiyo siri yenyewe. Mbwa anayejua kwamba kuachia hakumnyang'anyi kitu huachia upesi, na siku atakapokamata kitambaa cha mgeni utakuwa na neno la kumwambia.

Ninajua pingamizi linalotolewa katika nyumba nyingi, kwamba mbwa akizuiwa kuuma hatalinda. Mbwa wa nyumbani hulinda kwa kusikia, kubweka na kuonekana, na mafunzo haya hayamwondolei hata kimoja kati ya hivyo. Mbwa wa polisi wenyewe hufundishwa kuachia kwa amri, kwa sababu taya zisizo na breki ni hatari kwa kila mtu. Anayekamata mikono ya watu ovyo ndiye atakayemjeruhi mtoto wa jirani aliyeufuata mpira wake uani, na kesi hiyo itakuwa yako.

Usimpige. Usimpige goti kifuani, usimkanyage vidole, usimfumbe mdomo kwa mkono, usimpake pilipili. Nimewahi kuona mbwa aliyekuwa akichapwa kila aliponguruma. Aliacha kunguruma, na wenye nyumba wakafurahi, mpaka siku alipomuuma kijana wa kuleta maji pasipo onyo lolote, kwa kuwa onyo lilikuwa limeshafutwa kwa fimbo. Usimfunge kwa mnyororo kutwa nzima pia. Mbwa aliyefungiwa tangu alfajiri hadi usiku humrukia mtu wa kwanza kwa njaa ya kuwa na mwenzake, na hakuna zoezi litakaloishinda njaa hiyo. Mtembeze mapema asubuhi kabla lami haijapata moto, umwache anuse majani na kuta kadiri apendavyo, kwa sababu kunusa humtuliza kuliko kukimbizwa. Sehemu ya chakula chake cha siku mpe kwa kazi, kipande kwa kipande, akikaa na kuachia.

Kumhasi ni uamuzi wa kuzungumza na daktari wa mifugo na una faida zake, lakini usiutegemee kuondoa tabia ya kuruka, ambayo amejifunza kwa watu.

Mabadiliko ya kwanza niliyaona baada ya wiki mbili, na baada ya wiki kumi mzee alisimama tena getini. Nilikuwa nimekanyaga kamba. Nilimwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia akiwa hatua tatu nje, huku Bosi amekaa, mkia ukifagia vumbi kulia na kushoto, macho yakitazama mfuko wangu wa dagaa. Mzee aliniomba nisiifupishe kamba, akasogea hatua moja, akanipa ufunguo, akaenda zake akiwa msafi. Hata hivyo, alipofika miezi 14, mvua za masika zilitufungia ndani siku nne, na siku ya tano Bosi akamrukia dada wa kazi kama zamani. Tulirudi kwenye nguzo ya baraza na hatua sita, tukaanza upya, na safari hiyo ilichukua siku tatu. Marejeo ya namna hiyo yatatokea nyumbani kwako pia, hivyo kamba isitoke kwenye msumari wa getini hadi atakapotimiza miaka miwili.